Vipindi vimejaa na bado unadaiwa makala: kwa mwalimu mpya wa kemia chuoni

Mara kwa mara hunifikia ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana waliomaliza uzamivu na kuajiriwa kufundisha kemia chuoni. Maneno hutofautiana lakini kilio ni kimoja: ratiba imejaa, ripoti za maabara zimelundikana zikisubiri kusahihishwa, mashine aliyoizoea kule alikosomea huku haipo, na mkuu wa idara ameshauliza makala zitatoka lini. Wengi huwa wameshahitimisha kwamba kufundisha ndiko kunakoua utafiti wao. Mimi nimefundisha hadi baadhi ya wanafunzi wangu wamekuwa wahadhiri wenzangu, na ushauri wangu haujabadilika: kwa miaka ya mwanzo, acha swali la utafiti litoke kwenye maabara ileile unayofundishia.

Wapo wanaousikia ushauri huu kama maneno ya kumliwaza aliyekosa vifaa. Ningewaomba wamwangalie Stanislao Cannizzaro, aliyekuwa akifundisha Genoa, Italia. Zama zake wakemia hawakuwa wakikubaliana hata fomula ya maji iandikweje, kwa kuwa kila kundi lilishikilia uzito wake wa atomi. Yeye alikuwa na darasa la kulielewesha, hivyo akarudi kwenye wazo la Avogadro, kwamba ujazo sawa wa gesi zozote, katika joto na kanieneo sawa, una idadi sawa ya molekuli, akalipanga somo hatua kwa hatua, na mwaka 1858 akachapisha muhtasari wa kozi yake. Mwaka 1860, kwenye mkutano wa wakemia huko Karlsruhe, Ujerumani, nakala za muhtasari huo zikagawiwa kwa wajumbe. Kati ya waliohudhuria alikuwemo kijana Dmitri Mendeleev. Baadaye Mendeleev naye akajikuta na tatizo la kialimu hasa: anaandika kitabu cha kiada kwa wanafunzi wake wa St Petersburg, na elementi 63 zilizojulikana wakati huo hazina mpangilio wa kuzifundishia. Jedwali lake la mwaka 1869 lilizaliwa katikati ya kazi hiyo. Sisemi kila andalio la somo lina jedwali la elementi ndani yake. Mengi ya maandalio yangu hayana kitu zaidi ya somo la kesho.

Tuchukue zoezi ambalo idara nyingi wanalo: kupima vitamini C kwenye juisi kwa iodini. Mwanafunzi anadondosha iodini kutoka kwenye bureti, wanga kidogo umo ndani ya chupa kama kiashiria, na vitamini ikishakwisha, tone linalofuata linageuza kila kitu kuwa bluu iliyokolea. Molekuli moja ya iodini humaliza molekuli moja ya vitamini C, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Darasa linaandika jibu, unasahihisha, muhula unapita.

Sasa kaa na zile namba jioni moja. Unaona kundi lililochelewa kuanza limepata kiwango cha chini kuliko lililowahi, ingawa juisi ilitoka chombo kimoja. Vitamini C huoksidishwa na hewa, na ioni za shaba, hata zikiwa chache mno, huuharakisha mmenyuko huo. Je, tofauti hii imeletwa na muda tu, au na maji yaliyopita kwenye bomba la shaba? Ukiongeza EDTA kidogo, ambayo huzikamata zile ioni, kasi inapungua kiasi gani? Ukibadili pH je? Tena iodini haichagui: chochote ndani ya juisi kinachoweza kuipa elektroni kitahesabiwa kuwa vitamini C, basi unahitaji njia ya pili ya kulinganishia. Na iodini yenyewe hutoroka kama mvuke, maana yake myeyusho wa Jumatatu si ule wa Ijumaa, na nguvu yake lazima ipimwe upya kwa thiosulfati, chumvi inayomenyuka na iodini kwa uwiano unaojulikana, kila siku ya kazi. Hapo una miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho ya kukutosha mihula kadhaa, na kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote ni mizani.

Lakini ili namba za darasa zifae utafiti, lazima ziwe za kweli, na hapa ndipo penye kazi. Wanafunzi hupika matokeo. Wanapika kwa sababu sisi tunatoa alama kwa anayelikaribia jibu lililoko kichwani mwa mwalimu. Bureti ya mililita 50 ina vistari vya mililita 0.1, na kati ya kistari na kistari jicho ndilo linalokadiria, hivyo vipimo vitatu vya kweli mara nyingi hupishana kidogo. Akija mtu na 24.50, 24.50, 24.50, simgombezi. Namwomba arudie nikiwa pembeni yake. Utamwona anasoma akiwa amesimama, macho juu ya usawa wa kioevu, wakati alitakiwa ainame mpaka sehemu ya chini ya mpindo wa uso wa kioevu iwe sawa na jicho. Utaona tone limening'inia kwenye ncha ya bureti, limeshahesabiwa lakini halijaingia chupani. Safari hii anapata 24.35, kisha 24.45, na anakuangalia kwa woga kama aliyeshindwa mtihani.

Nilibadili utaratibu wa alama. Sehemu kubwa sasa huenda kwa maelezo: kwa nini vipimo vyako vimepishana, kosa liko wapi kati ya pipeti, mizani na jicho, na lipi kubwa zaidi. Ukaribu na jibu “sahihi” umebaki na alama chache. Upikaji haukwisha, nisidanganye, ila ulipungua kiasi kwamba naweza kuchukua data za darasa zima na kuzifanyia kazi. Kama kuna jambo moja la kufanya muhula wako wa kwanza, ni hili.

Nikizungumzia uchaguzi wa mada, kuna moja nawaonya vijana nayo, ingawa najua inapendwa kwa kuwa ni rahisi kuianza: kuondoa rangi kwenye maji kwa kutumia mkaa wa maganda ya hiki au makapi ya kile. Makala za namna hiyo zimejaa kupita kiasi. Rangi ya methilini bluu, spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa) ikisoma karibu na nanomita 664, modeli ya Langmuir na ya Freundlich za jinsi rangi inavyoshika kwenye mkaa, halafu grafu ya t/q dhidi ya t (t ni muda, q ni kiasi cha rangi kilichonaswa na kila gramu ya mkaa) yenye R², kipimo cha jinsi vipimo vinavyoufuata mstari, ya 0.999 na hitimisho kwamba rangi imeshika kwa mmenyuko wa kemikali. Iangalie grafu hiyo vizuri. Muda umo kwenye mhimili wa ulalo na umo pia ndani ya mhimili wa wima. Rangi inapokaribia kutulia, q haibadiliki sana, na mstari utanyooka tu, hata kama modeli yenyewe haifai. Kwa hiyo R² ile haithibitishi aina ya mmenyuko. Ukitaka kuingia kwenye mada hii, ingia na swali ambalo wengine wamelikimbia: mkaa ukishashiba unafanywa nini? Unafanya kazi vipi kwenye maji machafu ya kweli, yenye chumvi na sabuni, badala ya maji yaliyochujwa mara mbili? Namba zako zinarudiwa na mtu mwingine?

Kuhusu vifaa, hadithi ninayoipenda ni ya Percy Julian, Mmarekani mweusi aliyekuwa akifundisha DePauw, chuo cha shahada ya kwanza, miaka ya 1930. Akiwa na mwenzake Josef Pikl alikuwa akiunda fisostigmini, dawa iliyotumika kutibu glakoma, ugonjwa wa macho. Upande wa pili alikuwepo Robert Robinson wa Oxford, mmoja wa wakemia wakubwa wa zama hizo. Matokeo ya Julian hayakulingana na ya Robinson, na Julian akachapisha kwamba yaliyo sahihi ni ya kwake. Mwaka 1935 alikamilisha kazi, na mojawapo ya ushahidi uliombeba ulikuwa kiwango cha kuyeyuka, kipimo ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukifanya. Pamoja na hayo, hakupewa uprofesa pale kwa sababu ya rangi yake, akahamia viwandani. Nawaeleza vijana habari nzima, pamoja na sehemu hii chungu, maana kazi nzuri haimlazimishi mwajiri kuwa mwadilifu.

Kwa vile ambavyo huwezi kuvipima mwenyewe, tafuta mshirika mwenye kifaa. Ila usimwandikie barua ya kuomba msaada kwa jumla jumla. Mwambie una sampuli kadhaa, safi, kavu, zilizoandikwa lebo, na swali moja ambalo spektra ya NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli, italijibu. Watu hujibu barua za namna hiyo. Ile inayosema “naomba tushirikiane katika utafiti wowote” hubaki bila kusomwa, na mimi mwenyewe nimeziacha nyingi.

Usalama nitausema kwa kirefu kidogo, kwa sababu utafiti unaofanyika baada ya vipindi hufanywa na watu waliochoka. Mwezi Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia Dartmouth, Marekani, na mtaalamu wa sumu za metali, alidondokewa na kiasi kidogo sana cha dimethili zebaki juu ya glavu za lateksi. Alikuwa amefuata tahadhari zilizokuwa zikifahamika wakati huo. Alifariki Juni 1997. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kuwa kemikali hiyo hupenya lateksi ndani ya sekunde chache. Ninachokisisitiza kwa wanafunzi ni kwamba glavu huchaguliwa kwa kuangalia kemikali, na jedwali la upenyaji la mtengenezaji husomwa kabla chupa haijafunguliwa. Mwanafunzi wako asifanye kazi peke yake usiku, hata akikuomba kwa machozi kwamba tasnifu inamaliziwa wiki hii. Na fundi sanifu wa maabara akikukatalia jambo, msikilize hadi mwisho kabla ya kutaja cheo chako. Anajua vitu kuhusu jengo lile ambavyo wewe huvijui.

Majarida sitayasemea sana. Likikuahidi kukubali makala ndani ya siku tatu, likikusifu kwa kazi ambayo si ya fani yako, likificha gharama hadi mwisho, liache. Kipimo changu kingine ni kufungua makala mbili tatu zilizokwisha kuchapishwa humo na kukagua kama namba kwenye jedwali zinaoana na grafu. Majarida ya ufundishaji wa kemia usiyadharau. Zoezi jipya la maabara lililojaribiwa vizuri ni makala halali, na wasomaji wake huenda wakawa wengi kuliko wale wa molekuli yako. Uliza mapema, kwa maandishi, kama kamati ya kupandisha vyeo chuoni kwako inazihesabu. Kuna vyuo vinazihesabu na kuna vinavyozitupa kapuni, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya kutumia miaka miwili.

Swali la muda huwa nalijibu kwa ufupi: chagua nusu siku moja kwa wiki, ileile kila wiki, na uifunge kama ungefunga kipindi. Likizo ndefu ni za kupima, muhula ni wa kusoma, kuchora grafu na kuandika. Anayengoja likizo ndiyo aanze kuwaza atachoma likizo nzima kuagiza vitendanishi na kuvisubiri vifike. Kwa hiyo agizo liwe limeshatoka katikati ya muhula.

Lililobaki ni majina kwenye makala. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa ajili ya nani awe mwandishi wa kwanza, na nimeona mwanafunzi aliyefanya kazi yote akiishia kwenye mstari wa shukrani. Aliyeosha vyombo na kutayarisha myeyusho anastahili shukrani. Aliyepima, akagundua kwamba kipimo cha tatu kina walakini, akarudia, akachora grafu na kuitetea mbele yako, huyo ni mwandishi, hata kama bado yuko mwaka wa pili. Kubalianeni kabla kazi haijaanza: nani anafanya nini, jina la nani linatangulia, na itakuwaje mtu akiondoka katikati. Andikeni ukurasa mmoja, msaini wote, na nakala moja abaki nayo mwanafunzi.