Kubofya kulia: menyu inamhusu nani?

SWALI: Mwalimu, pole na kazi. Ninaandika programu ya kompyuta kwa chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa kahawa hapa Kasese. Karani huchagua wanachama kwenye orodha, kisha hubofya kitufe cha kulia cha mausi, menyu ikatokea: "Chapa taarifa", "Tuma ujumbe", "Futa". Juzi alikuwa amechagua wanane, akabofya kulia juu ya jina la tisa ambalo hakulichagua. Zikachapwa taarifa za wale wanane. Analalamika, mimi nasema programu imetii. Nani yuko sahihi?
– Msomaji, Kasese

JIBU: Karani yuko sahihi, kijana wangu, wala si kwa kumwonea huruma.

Fungua folda kwenye Windows, uchague faili tatu. Bofya kulia juu ya mojawapo: zote tatu zinabaki na rangi ya kuchaguliwa, na menyu inazihusu zote. Sasa bofya kulia juu ya faili ya nne. Rangi inazitoka zile tatu, inahamia kwenye hiyo ya nne, ndipo menyu inafunguka. Seli za Excel nazo ni vivyo hivyo. Karani hajasoma hata neno moja la menyu, jicho limeshamwambia nani ataguswa. Wewe umemwekea rangi kwa wanane na menyu kwa wa tisa, aamini kipi? Juzi zimeharibika karatasi tu. Angebonyeza "Futa" je?

Najua utakachouliza: mtu amechagua arobaini kwa kushikilia kitufe cha Ctrl, mmoja mmoja, kidole kikateleza, uchaguzi wote ukapotea. Ni kweli inaudhi. Kwa orodha ndefu weka visanduku vya tiki, na juu yake uandike "Waliochaguliwa: 40" pamoja na kitufe cha kuchapa. Tiki hizo kubofya kulia kusiziguse kabisa. Na menyu yenyewe itaje anayehusika: "Chapa taarifa ya" fulani, kwa jina lake.

Akibofya mahali patupu, mpe menyu ya orodha nzima, isiyo na "Futa".

Halafu kuna Shift+F10, inayofungua menyu kwa kibodi. Hapo mshale wa mausi hauna kauli. Menyu ni ya waliochaguliwa. Waandishi wengi wa programu husoma tu mshale ulipo, kwa hiyo mambo huharibika siku mausi inapokufa.

Usifiche kazi yoyote kwenye kubofya kulia peke yake. Kompyuta ya Macintosh ya Apple ya 1984 ilikuja na mausi ya kitufe kimoja, na menyu za namna hii Apple iliziingiza kwenye mfumo wake wa Mac OS 8 mwaka 1997. Miaka yote hiyo kila amri ilibidi ipatikane kwenye menyu ya juu, na watu walifanya kazi.

Hiyo "Futa" iteremshe mwisho kabisa, uitenge na "Tuma ujumbe" kwa mstari.