Nikikohoa mkojo unanitoka, nifanye nini?

Swali: Daktari, nina miaka 41 na watoto watatu. Nikikohoa, nikicheka au nikiinua ndoo, mkojo unanitoka. Siku hizi hata nikiwa mlangoni natafuta ufunguo, haja inanibana ghafla na mara nyingine sifiki chooni. Nimepunguza maji lakini bado. Wenzangu wanasema ndiyo hali ya aliyezaa. Kuna dawa?

Jibu: Pole sana dada. Linawapata wengi waliozaa, ni kweli, ila usikubali kuambiwa uvumilie, maana linatibika.

Una matatizo mawili kwa pamoja. La kikohozi linatokana na misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobeba kibofu kwa chini, kulegea kwa sababu ya mimba na uzazi. Tumbo likisukuma, mrija wa mkojo haufungi sawasawa. La mlangoni ni la kibofu chenyewe: kinajikamua kabla hakijajaa. Wengine, hasa wanaume wenye tezi dume iliyovimba, kibofu chao hakiishi mkojo, kinajaa mpaka kufurika tone tone. Na mama ambaye mkojo unamtoka mfululizo usiku na mchana baada ya uzazi mgumu huenda ana fistula. Hilo ni tundu, na mazoezi hayalizibi. Huyo aende hospitali.

Kwanza rudia kunywa maji, kama lita moja na nusu kwa siku. Mkojo mzito unakera kibofu, hivyo kujinyima kunakuongezea tatizo. Unachostahili kupunguza ni kahawa na chai ya rangi. Ukifunga choo, shughulikia hilo pia, maana kujikamua chooni kunalegeza misuli ileile.

Sasa mazoezi, na hapa wengi hukosea. Kaza kana kwamba unazuia ushuzi na mkojo kwa wakati mmoja, usikie sehemu ya chini ikivutika kwenda juu. Weka kiganja tumboni: tumbo likikakamaa au pumzi ikikatika, umekaza misuli isiyohusika. Shikilia sekunde 5, legeza kabisa, rudia mara 8, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku kwa miezi 3 bila kuruka. Usiyafanye kwa kukatiza mkojo ukiwa chooni, kibofu kinaweza kubaki na mkojo. Kikohozi kikija, kaza kwanza ndipo ukohoe.

Haja ikikubana mlangoni, usikimbie. Simama, kaza haraka haraka mara tano, ngoja ipoe, kisha utembee taratibu. Kila wiki jizoeze kuchelewesha kwenda chooni kwa dakika chache zaidi. Kibofu kinafundishika, lakini kipe wiki 6 au zaidi.

Vidonge vya kutuliza kibofu vipo, ila vinasaidia hilo la haja ya ghafla tu, na baadhi yake vinakausha kinywa na kufunga choo. La kikohozi likigoma baada ya mazoezi, upo upasuaji wa kuushikiza mrija.

Kabla ya hayo yote pima mkojo na sukari, kwani maambukizi na kisukari huleta dalili hizihizi. Ukiona damu kwenye mkojo, usikawie kumwona daktari. Ukipata ganzi sehemu za siri au miguu ikiishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kesho anza kuandika kwa siku tatu: saa uliyokojoa, ulichokunywa, na ulikuwa unafanya nini mkojo ulipokutoka. Nenda na karatasi hiyo kliniki.