Barua kwa mwanangu: wali, raba na msimu wa korosho

Mwanangu Hamisi, marahaba. Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unasema umelipia jim miezi mitatu, wali na ugali umeacha kabisa, kilo 4 zimeshuka ndani ya wiki mbili, na unaniuliza hata chapati moja ya Ijumaa uiache au uibakize. Chapati sijui. Mi nataka kujua mwezi wa kumi na moja utakuwa unafanya nini, ukishuka huku Mtwara watu wana hela za korosho na kila wiki kuna pilau la harusi.

Nakwambia kila siku, tabia ipime msimu wa korosho.

Ile raba nyeupe uliyoikuta uvunguni ulivyorudi toka bweni, ndo ya mwaka nilioambiwa presha imepanda. Kesho yake alfajiri nikatoka kwa miguu mpaka Mikindani, kilomita kama 10 kwenda tu, nikageuza, nyumbani uji wa mtama bila sukari basi mpaka usiku. Siku ya tisa goti la kulia likavimba, ngazi za msikitini nashuka kinyumenyume nimeshika ukuta.

Mama yako wakati ule ule aliacha bodaboda, akawa karibu kila siku anaenda Feri kununua samaki kwa miguu, kwenda tu nusu saa, anarudi na kapu kichwani. Usiku kwenye sahani yake wali anapunguza upawa mmoja, anaongeza mbaazi. Basi. Nikamwambia mbele ya shemeji zake, hayo siyo mazoezi, hiyo ni safari ya sokoni. Hakunijibu, aliendelea kupaa samaki, magamba yanarukia kwenye kanga. Mpaka leo nikikaa peke yangu naiona ile kanga.

Maana msimu ulivyofika mi raba nikaisukumia uvunguni, kila shughuli niko na sahani ya pili, yeye shughuli alienda, pilau alikula, asubuhi huyo Feri. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima afikishe walau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukaza kidogo, na toka 2020 hata vipande vifupi vifupi wanavihesabu. Nusu saa mara tano, mama yako anazimaliza kabla hajageuka kurudi.

Usiseme baba anapinga jim. Hao hao wanasema misuli nayo ifanyishwe kazi siku 2 au zaidi kwa wiki, na kapu la samaki hapo halitoshi. Na labda we si kama mimi, una magoti mazima. Ila hizo kilo 4, mtu akiacha wanga ghafla mwanzoni mwili unatoa maji mengi, siku ukila wali yanarudi, alafu utajiona umeshindwa na utamaliza sufuria. Nakujua, kidato cha tatu uliacha sukari siku kumi, ya kumi na moja tukakukuta na kopo.

Ulimi unaniwasha nikwambie rudi kwenye ugali leo leo. Sisemi, mwili wako. Lakini jioni moja tu, mwanangu, pika wali kidogo na mbaazi, uone kama kesho yake jim utashindwa kwenda.

Mama yako ndo anaingia sa hizi, kaleta vibua na fungu la ming'oko, anauliza ukija utakuwa unakula au asikupikie. Nimemwambia apike.