Njia ya Cares: angalia juu kabla hujaangalia chini

Watu wakisikia nimepita njia ya Cares, swali lao ni moja: mtu hawezi kuanguka kule? Anaweza. Njia hiyo ya miguu imechongwa kwenye magenge ya milima ya Picos de Europa, kaskazini mwa Hispania, kutoka kijiji cha Poncebos hadi kijiji cha Caín, na sehemu kubwa yake haina uzio wala kamba ya kujishikia. Mto Cares uko chini kabisa, unausikia kabla hujauona. Hata hivyo, atakayeniomba ushauri nitamwambia ahofie kwanza kilicho juu ya kichwa chake.

Ukingo unauona, na kila anayeuona hujihadhari bila kuambiwa. Jiwe linalotoka juu hulioni. Kwenye magenge yale kuna mbuzi wa kufugwa na wa mwituni, na kwato zao hazichagui pa kukanyaga kwa ajili ya wapita njia walio chini. Mvua hulegeza mawe, upepo nao huyasukuma. Kwa hiyo jifunze kuisoma njia. Ukikuta vipande vya mawe vyenye kingo kali, vyeupe pale vilipovunjika, na vumbi lake halijakanyagwa, ujue vimeanguka karibuni na vingine vyaweza kufuata. Hapo usisimame kupiga picha, usikae kunywa maji. Pita upesi bila kukimbia, ukapumzike mahali ambapo mwamba umejitokeza juu yako kama paa. Mimi huvaa helmeti. Kwenye Caminito del Rey, njia nyingine ya magengeni kusini mwa nchi hiyohiyo, helmeti ni lazima na unapewa mlangoni. Cares hakuna mlango wala mtu wa kukukagua, basi beba yako.

Ili uielewe njia hii, elewa ilikotoka. Kati ya 1916 na 1921 ulijengwa mfereji wa kupeleka maji ya mto kutoka Caín hadi kwenye mitambo ya umeme ya Camarmeña, karibu na Poncebos. Njia ikaboreshwa baadaye, miaka ya 1940, ili wafanyakazi waufikie mfereji kwa ukarabati. Maji ya mfereji yanahitaji mteremko mdogo sana, ndiyo maana njia inayoufuata nayo iko karibu tambarare kwa masafa marefu. Kinachochosha ni upande wa Poncebos: unapanda kwa jasho kwanza ndipo unashuka kuufikia usawa wa mfereji. Ukianzia huko, kumbuka kwamba kilima hichohicho kinakungoja jioni miguu ikiwa imekwisha.

Nalisisitiza hilo kwa sababu wengi hupiga hesabu ya kwenda tu. Ni kama kilomita 12 hadi mwisho, na kurudi ni hizohizo. Kwa gari, kutoka Caín hadi Poncebos unaizunguka milima kwa zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo usitegemee kupata usafiri wa haraka wa kukurudisha kama hukuupanga mapema. Amua saa ya kugeuka ungali unafunga kamba za viatu, na saa hiyo ikifika geuka hata kama Caín inaonekana iko karibu.

Sasa kuhusu kupishana. Njia inawatosha watu wawili, lakini siku za majira ya joto watu ni wengi, na wengine wanakuja kwa kasi wakiangalia simu. Ukiwaona, sogea upande wa mwamba, simama, waache wapite. Angalia begi lako unapofanya hivyo. Ukiegemea mwamba kwa mgongo, begi ndilo linaloguswa kwanza, nalo linakusukuma nje hatua nzima, kuelekea usikotaka. Geuka ubavu, au livue ulishike mkononi. Begi pana lenye vitu vinavyoning'inia pembeni halifai kabisa huku, kwa kuwa pale mwamba unapoinama juu ya njia, kila kinachochomoza kitakwaruza.

Na kanuni ambayo sina mzaha nayo: ama unatembea, ama unatazama. Ukitaka kuwaona tumbusi wakizunguka kwenye anga ile nyembamba, simama kwanza, miguu yote miwili itulie, kisha inua macho. Nimeona watu wakipiga hatua za kinyumenyume ili picha ienee. Niliwapigia kelele bila haya, na nitafanya hivyo tena.

Anayeogopa kimo asidharauliwe. Rafiki niliyekuwa naye magoti yalimtetemeka kabla ya daraja la kwanza. Kilichomsaidia ni mambo madogo: macho hatua tatu mbele, mkono kwenye mwamba, mazungumzo yasiyohusu njia, na mimi kutembea upande wa nje. Kama hayo hayasaidii, rudini. Njia ni ileile, hukosi kitu ambacho huwezi kukifuata siku nyingine.

Maji ya kunywa beba ya kutosha siku nzima. Mto uko chini mno, huufikii. Mchana wa kiangazi sehemu za katikati hazina kivuli na mwamba unarudisha joto usoni. Mahandaki ya karibu na Caín, kwa upande mwingine, yanadondosha maji na sakafu yake huteleza, hivyo tochi ya kichwani na viatu vyenye meno ni vya lazima. Simu isikupe jeuri: kuta zile zinakata mtandao, na namba ya dharura 112 haitaita pasipo na mtandao wowote. Mwachie mtu taarifa ya saa unayotarajia kutoka. Mvua kubwa au upepo mkali ukitabiriwa, ahirisha.

Kwa wenye watoto wadogo, ningeanzia Caín. Huko mahandaki na madaraja yako mwanzoni kabisa, korongo limebana, na baada ya muda mfupi mtoto ameshaona sehemu nzuri kuliko zote bila kuchoka. Mshike mkono, wewe nje yeye ndani. Ila mchunge pia anapopita kando ya mfereji. Unaonekana mpole kwa sababu maji yake hayana kelele, lakini yanakwenda kwa nguvu, na mbele kidogo yanazama ndani ya mwamba. Mkono wa mtoto usiingie humo, hata kwa kunawa.