Jibu: Tunahamia Muscat uzeeni, dawa za mzee na mimi kukaa peke yangu

Salaam dada. Umeuliza mawili: dawa za goti za mzee, na wewe utakaaje ndani mchana kutwa yeye akiwa kazini. Mimi na mume wangu tuna mwaka wa sita hapa Muscat, Oman, naye kafika miaka 64.

Anza na dawa, kabla hata ya begi. Soma jina kwenye boksi. Kama ni tramadol au ina kodeini, dawa kali za maumivu hizo, usiifungashe tu. Nchi za Ghuba zinazidhibiti vikali, hata mkiwa mnapita Dubai. Wangu daktari alimbadilishia kabla ya safari. Tukabeba za presha tu, ndani ya boksi zake, pamoja na barua ya daktari.

Upweke nao una dawa yake. Juni hadi Agosti mchana hatoki mtu kwa joto, hata kazi za juani husimamishwa saa sita na nusu hadi tisa na nusu. Sisi hutembea Mutrah, kando ya bahari, baada ya alfajiri. Na Kiswahili usikiache nyumbani! Siku moja sokoni namnung'unikia mume wangu bei ya jodari, bibi wa mbele yetu akageuka: "Mwanangu, ngoja, huyu anapunguza." Kazaliwa Unguja. Sasa kila Ijumaa tunapika pamoja.

Bima ya matibabu, mwajiri aseme kwa maandishi kama inakuhusu na wewe. Yetu ilikuwa ya mume peke yake, nikalijua hilo siku jino limeniamsha usiku.