Jibu: Wadukuzi wanaharakati, wanatujenga au wanatubomoa?

Ndugu yangu, umeuliza kama wadukuzi wanaharakati, yaani wanaovamia mifumo ya kompyuta ili kutetea jambo, wanalinda uhuru wa intaneti au wanauua. Inategemea wamefanya nini.

Mfano ninaoupenda ni Tunisia, Januari 2011. Utawala wa Ben Ali, rais wa huko wakati huo, ulikuwa unapachika msimbo kwenye kurasa za kuingilia Facebook ili kuiba nywila za wananchi. Anonymous, kundi la wadukuzi wanaharakati, wakasambaza kijiprogramu cha kivinjari cha kuuondoa ule msimbo. Hapo mtu wa kawaida alikingwa, hakuumizwa.

Lakini hao hao walizishambulia pia tovuti za serikali hiyo kwa kuzifurikisha maombi ya kufungua kurasa hadi zikazimika. Hiyo siiungi mkono. Huwezi kudai watu wasizibwe midomo huku na wewe unaziba. Na LulzSec, kundi jingine la wadukuzi, mwaka huo huo, walimwaga mtandaoni nywila za wateja wa Sony Pictures. Mteja alikosa nini?

Kwetu Tanzania je? Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye mtandao wa X (zamani Twitter) ilidukuliwa, zikarushwa picha chafu na uzushi. Siku hiyo hiyo X ikagoma nchi nzima. Mdogo wangu hapa Dodoma anauza zabibu kwa oda za mtandaoni, na wateja wake wengi alikuwa anawapata X. Nilimkuta soko la Sabasaba na makreti matatu, simu mkononi, anavuta ukurasa chini, haufunguki. Zabibu hazisubiri, kaka. Jioni aliziuza kwa bei ya kutupa.