Tope la Bahi na jogoo wa shemeji

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkulima wa mpunga huku Bahi. Mvua zikinyesha Kondoa, Mto Bubu unatushushia tope la kutosha. Shemeji yangu wa Gulwe anasema tope lote hilo, lake na langu, linaishia baharini, na ndilo lililotandikwa chini kote. Mimi nilifika Bagamoyo mara moja nikaona mchanga mtupu. Tumewekeana dau la jogoo. Nani kashinda?
Msomaji, Bahi

JIBU: Marahaba. Jogoo msimchinje kwanza.

Tuanze na tope lako. Bubu unatoka kwenye ile milima ya Kondoa iliyotafunwa na makorongo hadi serikali ikaleta mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikahamishwa. Udongo wake unashuka mpaka kwenye kinamasi chenu, basi. Pale hakuna mlango wa kutokea. Jua linanyonya maji, tope linabaki, wewe unapanda mpunga. Bahari hailijui.

La shemeji ni habari nyingine. Kinyasungwe unapita Gulwe, unakutana na Mkondoa, unakuwa Wami, na Wami unamwaga Bahari ya Hindi kati ya Bagamoyo na Saadani. Ndio mto unaosumbua reli ya kati kila mara kati ya Gulwe na Kilosa, kwa hiyo shemeji anaujua kuliko mimi.

Sasa, likifika baharini linakwenda wapi? Nilipokuwa nafundisha jiografia hapa mjini nilichota udongo wa Kinyasungwe, nikautia kwenye chupa ya kioo yenye maji, nikatikisa mbele ya darasa. Mchanga ulitua kabla sijaiweka chupa mezani. Chembe za ukubwa wa kati zilitua kabla kengele haijalia. Asubuhi yake maji ya juu yalikuwa bado rangi ya chai ya maziwa. Huo ndio mfinyanzi. Baharini ni vivyo hivyo: mchanga unabaki karibu na mdomo wa mto, mfinyanzi unasafiri. Chembe moja ya mfinyanzi ikiachwa peke yake huchukua makumi ya miaka kuzama kilomita nne au tano. Lakini vidudu vya baharini huimeza pamoja na chakula, na kinyesi chao, kwa kuwa kimeshikana, hufika chini kwa wiki moja au mbili. Darasa lilicheka sana hapo, na ndilo jambo walilolikumbuka kwenye mtihani.

Shemeji anapokosea ni kudhani kwamba chini kote ni udongo wa mito. Mashapo ya mito, yaani udongo na mchanga unaotua chini ya maji, yamerundikana zaidi pembezoni mwa mabara. Ukienda mbali na pwani, karibu nusu ya sakafu ya bahari kuu imefunikwa na tope la chokaa, yaani maganda ya viumbe wadogo mno waitwao foraminifera na kokolitofori, wanaoishi juu na kudondoka wakifa. Ila bahari ikizidi kina cha kilomita nne au tano hivi, maji yana baridi na ukali wa hewa ya ukaa, maganda yanayeyuka. Kinachobaki ni mfinyanzi mwekundu, mwingi wake vumbi lililopeperushwa na upepo kutoka nchi kavu. Huo huongezeka kama milimita moja kwa miaka 1,000. Tangu Mjerumani afikishe reli Dodoma, zaidi ya miaka 100 iliyopita, umeongezeka unene wa karatasi uliyoniandikia.

Kwenye bahari baridi kuzunguka Antaktika tope ni la maganda ya diatomu, mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambayo ni ya silika kama kioo, na humo mna mawe yaliyodondoshwa na milima ya barafu inayoelea. Kuna pia vinundu vya manganizi, mfano wa viazi mbatata vyeusi, vinavyojijenga kutokana na madini ya majini kwa milimita chache katika miaka milioni nzima. Meli ya Challenger ya Uingereza ilivikwangua katika safari yake ya 1872 hadi 1876. Vumbi la kutoka angani nalo limo, kidogo sana.

Na ule mchanga wako wa Bagamoyo? Ni mashapo pia, na huenda punje kadhaa zilipita nyuma ya nyumba ya shemeji. Ila usiufananishe na mchanga mweupe wa visiwani. Ule kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na msagaji mmojawapo ni samaki pono, anayeng'ata tumbawe na kulitoa nyuma likiwa mchanga.

Jogoo sasa mchinjeni. Paja moja la shemeji kwa tope lake, paja la pili lako kwa tope lako. Firigisi mniwekee, Jumamosi napita hapo nikielekea Manyoni.